Hotuba ya Meya Arnfinn Bråtveit Kuhusu Rangi za Filamu Yetu

(Ilitolewa mbele ya ukumbi wa kijiji cha Hegrevik, tarehe kumi na saba Mei, sikukuu ya taifa, mara baada ya maandamano ya watoto na kabla ya aiskrimu. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Nimeinukuu kama ilivyosemwa, na mengine nimeyaweka kwenye mabano kwa sababu na sisi wasikilizaji tulikuwepo.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Sherehe za Leo, ambaye pia ni mke wangu. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti wa Kamati hiyo hiyo, ambaye ni shemeji yangu na kwa bahati mbaya hakuweza kuamka. Mchungaji wetu mpendwa, unayehudumia sharika nne kwa gari moja. Mwalimu Mkuu wa shule yetu, pamoja na mwalimu mwingine. Kiongozi wa bendi ya matarumbeta, Bwana Magnar, na wapulizaji wako wote, wanaojua nota na wanaoendelea kuzitafuta. Waheshimiwa madiwani wa chama tawala, na Mheshimiwa diwani wa upinzani, yaani Jostein. Wageni waalikwa mliofika, wageni waalikwa mlioomba radhi, na wageni waalikwa ambao barua zenu bado ziko mezani kwangu. Kina mama mliopendeza katika bunad zenu, mavazi ya bibi zetu. Kina baba ambao bunad zenu zimewabana kidogo tangu mwaka jana. Vijana, nguvu kazi ya taifa. Watoto, viongozi wa kesho. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

(Makofi ya adabu. Mtoto mmoja anauliza kama aiskrimu zimeshafunguliwa. Anaambiwa bado.)

Ndugu wananchi wa Hegrevik, Kamati iliniomba niseme maneno mafupi kuhusu siku hii tukufu, kuhusu Katiba yetu na uhuru wetu, nami baada ya kutafakari kwa kina, na kwa kuzingatia kwamba Katiba mnayo na uhuru mnao na wala hakuna aliyekuja kunilalamikia kwamba amepoteza kimojawapo, nimeona, kwa unyenyekevu mkubwa nilio nao na ambao wengi mmekuwa mkiusifia, niitumie fursa hii adhimu kuwapa taarifa ya utekelezaji wa Mradi Mkakati wa Ishara za Rangi, unaohusu filamu yetu ya njozi za giza iitwayo Mfalme Mla-Rangi.

(Minong'ono. Magnar anatazama saa. Jostein, anayefuga kondoo upande wa juu wa kijiji na hajawahi kunyamaza katika kikao chochote, anauliza: "Karatasi ngapi hizo, Arnfinn?")

Ni chache, Mheshimiwa diwani. Zimeandikwa pande zote mbili.

Sasa, kwa faida ya wale ambao hawakuhudhuria semina elekezi, na kwa kuwa semina elekezi ilihudhuriwa na mimi na mpishi wa vitafunwa, naomba nianze na hadithi yenyewe, kwa sababu huwezi kuzungumzia rangi bila kuzungumzia filamu, kama ambavyo huwezi kuzungumzia filamu bila kumzungumzia aliyeileta. Ni hadithi ya binti mmoja, Eldrid, ambaye mama yake amefariki na baba yake ameacha kusema, na katika baridi kali anagundua kwamba ndani ya mlima ulioinamia kijiji chao anaishi mfalme aliyezaliwa bila rangi yoyote, ambaye kwa uchungu huo hushuka kijijini na kunyonya rangi za wengine, leo wekundu wa mashavu ya mtoto, kesho umanjano wa siagi mezani, siku nyingine ukijani wa nyasi, mpaka ng'ombe wanakuwa kama waliochorwa kwa penseli, na watu wanatazamana bila kujua nani ana homa na nani ana haya. Eldrid amebakiwa na skafu nyekundu ya marehemu mama yake, na skafu hiyo, ndugu zangu, ndiyo kitu cha mwisho chenye rangi katika kijiji kizima, na Mfalme anaijua.

(Kimya. Hapa lazima niwe mkweli: watu walikuwa wanasikiliza. Hata waliokuwa kwenye foleni ya soseji waligeuka.)

Nashukuru kwa kimya hicho, kitaingizwa kwenye takwimu. Sasa ndipo linapokuja suala zima la ishara. Katika filamu za kawaida mtu mwema huvaa nyeupe na mwovu huvaa nyeusi, mtazamaji akajua mapema amchukie nani, akaendelea kula bisi zake. Filamu yetu inakataa uvivu huo. Kwetu nyeupe ni rangi ya njaa, kwa sababu ndiyo inayobaki Mfalme akishakula. Nyeupe haina dhambi kwa kuwa haina chochote. Kijivu chenye ubuluu kidogo, kama anga la Novemba, ni rangi ya wanakijiji walioona jirani akinyonywa na wakanyamaza. Nyekundu mwanzoni ni msiba, maana ni skafu ya marehemu. Katikati ni hatari, maana ndiyo inayomfanya Eldrid aonekane kutoka mbali. Na mwisho ni uhai. Rangi ni ile ile na skafu ni ile ile, ila sisi tunaoitazama ndio tumebadilika. Na nyeusi, ndugu wananchi, nyeusi ni mlango wa mlimani.

Kwa msingi huo Halmashauri yenu sikivu, chini ya uongozi wangu, iliamua kwamba kijiji cha Hegrevik kitakuwa mandhari kamili ya filamu, na kila nyumba ipangiwe rangi kulingana na nafasi yake katika hadithi, zoezi ambalo lilitekelezwa kwa uwazi, kwa ushirikishwaji wa wadau, na kwa muda mfupi kabla wadau hawajaamka.

(Jostein: "Nyumba yangu mmeipaka kijivu."

Meya: "Ndiyo, Mheshimiwa."

Jostein: "Kijivu cha walionyamaza."

Meya: "Ndiyo."

Jostein: "Mimi, Arnfinn. Mimi nimenyamaza lini?"

Kicheko kirefu. Mke wa Jostein anasema amekuwa akiuliza swali hilo hilo tangu waoane.)

Malalamiko hayo yamepokelewa na yatafanyiwa kazi katika awamu ijayo. Naomba niwakumbushe kwamba uteuzi wa kijivu haukufanywa kiholela. Iliundwa Kamati Ndogo ya Kijivu, ambayo ilikutana mara nyingi kuliko Halmashauri yenyewe, ikachambua kijivu cha moshi, kijivu cha chuma, kijivu cha panya na kijivu cha Jumatatu, na baada ya kukwama ikafanya ziara ya mafunzo katika Visiwa vya Kanari, ambako wajumbe tulijifunza kwa vitendo, kando ya bwawa la kuogelea, namna ukosefu wa kijivu unavyomwathiri binadamu. Tulirudi wekundu kwa kuungua na jua, na jambo hilo likaisaidia sana Kamati Ndogo ya Nyekundu.

(Kicheko. Mchungaji anakohoa. Watoto wawili wameanza mbio za magunia bila ruhusa.)

Wapo waliohoji kwa nini nyumba yangu mimi imebaki nyeupe. Ni swali zuri na ninalipenda, ingawa aliyeliandika ukutani kwangu kwa chaki ningependa pia kumfahamu. Najua kwamba katika kijiji hiki, tangu enzi za mababu, rangi nyeupe ilikuwa ghali na nyumba nyeupe ilikuwa ya mtu aliyefanikiwa. Lakini sasa nimewaeleza kwamba katika filamu nyeupe ni rangi ya Mfalme mwovu, mla-rangi, mnyonyaji. Nani angekubali kubeba fedheha hiyo? Niliitisha kikao, nikauliza mara tatu, na kwa kuwa nilikuwa peke yangu hakuna aliyejitokeza. Basi nikasema, nitaibeba mimi. Nyumba yangu ikabaki nyeupe, ikaongezewa tabaka la pili la rangi ili fedheha ionekane vizuri zaidi.

("Pole sana, Arnfinn," wanasema watu wengi kwa pamoja, kama kanisani.)

Ahsanteni. Uongozi ni mzigo.

Nije sasa kwenye changamoto, maana hotuba isiyo na changamoto hufanana na uongo. Kama mjuavyo, babu zetu walipaka nyeupe ule upande tu unaotazama barabara, na upande wa nyuma wakapaka ile nyekundu ya bei rahisi, kwa hoja kwamba mgeni hupita mbele na anayeona nyuma ni ng'ombe. Halmashauri, kwa kuheshimu urithi huo, nayo ilipaka upande wa barabarani tu, nyumba kwa nyumba, kwa ari na kasi kubwa. Kazi ilipokamilika ndipo tathmini ikabaini kwamba picha zote muhimu zitapigwa kutoka kwenye mashua, katikati ya fyodi, huu mkono wa bahari ulio nyuma ya nyumba zetu, yaani kutoka nyuma.

(Jostein: "Kwa hiyo mmetupaka upande usiohitajika."

Meya: "Upande uliopakwa ni upande wa akiba."

Jostein: "Na kule majini tunaonekanaje?"

Meya: "Kama zamani."

Mtu anacheka mpaka anamwaga kahawa kwenye bunad ya jirani, na kwa dakika chache hotuba inasimama, kwa sababu bunad haichezewi. Jirani huyo analetewa maji ya soda ya kufutia doa na ushauri kutoka kila upande.)

Naomba utulivu. Doa ni dogo. Tusonge kwenye mafanikio, ambayo ni mengi, na nitayataja yale tu yaliyonihusu mimi. Kwanza, ajira. Mradi unatarajiwa kuzalisha ajira mia nne za moja kwa moja katika kijiji chenye watu mia tatu na kumi, kwa hiyo kila mmoja wenu atapata kazi, mchanga na mzee, na wengine itabidi wazaliwe kwa dharura. Pili, utalii. Upembuzi yakinifu umeonyesha kwamba mtalii akiona nyumba ya kijivu hukaa muda mrefu zaidi, akijaribu kujua kama duka limefunguliwa. Tatu, kuridhika kwa wananchi. Katika utafiti tulioufanya, asilimia tisini na tisa ya waliohojiwa waliunga mkono mradi kwa nguvu zote, na asilimia iliyobaki amekaa pale mbele na kofia yake.

(Jostein anavua kofia, anainama kwa heshima, anaivaa tena.)

Nne, na hili nalisema kwa fahari kubwa, uelewa wa jamii. Leo hii mtoto wa Hegrevik ukimwuliza nyeusi ni nini, hakwambii ni nyeusi tu. Anakwambia ni mlango wa mlimani anakokaa Mfalme. Ishara imeingia. Ishara imefanya kazi.

(Hapa Mwalimu Torgunn Røysland ananyanyuka. Yeye ndiye aliyetufundisha kusoma karibu sote tuliokuwa pale uwanjani, Meya akiwemo, na sasa amestaafu na anaishi nyumba ya mwisho barabarani, pale maandamano ya watoto yanapogeukia. Kila tarehe kumi na saba Mei watoto husimama mbele ya ukuta wake mweupe, yeye husimama ngazini na bendera yake, wanamwimbia, wanapiga kelele za shangwe, hurra, mara tatu, anawagawia maandazi ya iliki, ndipo wanageuka kurudi. Mwaka huu ukuta huo ni mweusi tii. Anasema: "Arnfinn, ishara yako kweli imefanya kazi. Leo watoto hawakuja kwangu.")

Mwalimu, naomba maswali tuyaweke mwishoni.

("Si swali. Nakwambia. Wa darasa la kwanza waliuona ukuta wakaanza kulia, wakasema humo ndani yumo Mfalme. Wakageuzwa dukani. Nilikuwa nimesimama ngazini tangu bendi ilipoanza kulia kule kanisani. Nikasikia muziki unakuja, halafu nikausikia unarudi. Maandazi ninayo sinia zima."

Hakuna anayecheka. Magnar anatazama viatu vyake, maana bendi ndiyo iliyotangulia kugeuka.)

Mwalimu wangu mpendwa. Ndugu wananchi. Mnaona wenyewe jinsi mradi unavyogusa maisha ya watu. Kwanza nitumie fursa hii kufafanua, kwa lugha rahisi, kwamba nyeusi katika filamu yetu haina ubaya wowote. Rangi zote alizozinyonya Mfalme hazikupotea. Zimehifadhiwa mlimani, zimelundikana, nyekundu juu ya kijani juu ya njano, na zikilundikana hivyo zinakuwa nyeusi. Eldrid anapofungua ule mlango anadhani anaingia gizani, kumbe anaingia ghalani, kwenye rangi za watu wote. Kwa hiyo nyumba yako, Mwalimu, ndiyo hazina ya hadithi nzima. Ni heshima. Wapo waliokuja ofisini kwangu wakitaka wapewe hiyo nyeusi.

("Nani?" anauliza Jostein.

"Majina yao ni siri ya ofisi," anasema Meya.

"Hiyo hazina," anasema Mwalimu Torgunn, "ungeihamishia kwako, mimi nikachukua fedheha yako nyeupe. Mimi siulizi maana ya rangi, Arnfinn. Nimekuuliza Februari, nimekuuliza Pasaka, nakuuliza leo: ukuta wangu utarudi lini kuwa mweupe?")

Swali hilo lina majibu mawili, la kiutawala na la kibinadamu, na kwa kuwa hili ni tukio rasmi nitatoa la kiutawala. Kwa mujibu wa kanuni ndogo tulizojitungia, hakuna mkazi anayeruhusiwa kugusa, kufuta, kukwangua au kufunika rangi yoyote ya mradi mpaka pale mwongozaji wa filamu atakapotamka kwamba kazi imekamilika. Lengo la kanuni ni kulinda uendelevu wa ishara. Hebu fikirini, binti wa watu anakimbia na skafu yake kuelekea mlango wa mlimani, Mfalme yuko nyuma yake, kamera inazunguka, halafu anakuta ukuta mweupe na mwalimu mstaafu na sinia la maandazi.

("Angepumzika kidogo," anasema Mwalimu Torgunn. "Ningempa chai."

"Ingekuwa filamu nzuri kuliko hiyo," anasema mama mmoja nyuma.

"Huyo mwongozaji ni nani?" anauliza Jostein. "Anakuja lini?")

Mchakato wa mwongozaji uko katika hatua za juu sana, Mheshimiwa diwani, hatua ambazo mimi mwenyewe kwa nafasi yangu nikizitazama naona shingo inauma. Siwezi kueleza zaidi bila kuathiri mazungumzo. Niseme tu kwamba wapo watu makini, wapo wabia, yapo mawasiliano, na upo utayari.

(Jostein: "Utayari wa nani?"

Meya: "Wangu.")

Ndugu wananchi, naona Bwana Magnar ameinua fimbo yake, na naona akina mama wa soseji wananionyesha ishara ambayo haimo katika mradi. Nielekee mwisho. Lakini kabla ya hapo niruhusuni niseme neno moja kutoka moyoni, nje ya karatasi. Watu wanauliza, Arnfinn, kwa nini filamu? Kwa nini usijenge kituo cha basi? Nami nawajibu kwamba kituo cha basi mtu anakaa ndani yake akisubiri kuondoka, ilhali filamu inamfanya mtu atamani kuja. Nimekaa katika kijiji hiki maisha yangu yote. Nimeona kuanzia Oktoba jua linavyoukimbia huu upande wetu wa mlima, tukabaki miezi na miezi bila kuona kivuli cha mtu, na kila mmoja wetu anakuwa wa kijivu bila kupakwa na Halmashauri. Nilitaka kuwepo na kitu. Nilitaka mtu wa mbali akae gizani kwenye ukumbi wa sinema, aione ile skafu nyekundu ikipita mbele ya nyumba zetu, ashike mkono wa aliye naye. Hilo tu.

(Mwalimu Torgunn bado amesimama, lakini anamtazama kwa namna nyingine sasa, kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyeandika insha nzuri kwenye karatasi ya hesabu.)

Basi, tuhitimishe kwa pamoja. Nikisema "Hegrevik," mtaitikia "Ishara kwa maendeleo." Hegrevik.

(Mtu mmoja: "Aiskrimu.")

Tutalifanyia mazoezi. Nikisema "Rangi zetu," mtaitikia "Kesho yetu." Rangi zetu.

("Ukuta wake," anaitikia Jostein, na waliomzunguka wanarudia baada yake. "Ukuta wake.")

Naona mwitikio ni mkubwa. Sasa nimebakiwa na jukumu tamu kuliko yote, la kutoa shukrani. Kwa namna ya pekee namshukuru mtunzi wa hadithi hii, ambaye ni mimi, niliyeitunga nikiwa nimejilaza kwenye kiti kando ya bwawa kule Kanari. Namshukuru mwongozaji, ambaye tunatarajia kumpata. Naishukuru kampuni ya filamu, itakayoandikishwa mara jina litakapopatikana. Nawashukuru waigizaji wote, na hasa binti atakayecheza Eldrid, popote alipo, na kama tayari amezaliwa. Nawashukuru wapiga picha, ambao watakuja na kamera zao, kwa kuwa sisi hatuna. Na zaidi ya wote namshukuru yule bwana aliyekuja kwa mashua majira ya kiangazi kilichopita, akanywa kahawa kwenye gati, akazitazama nyumba zetu kwa upande wa nyuma, nyekundu zote kando ya maji meusi, akasema kwamba hapa mtu angetengeneza filamu ya kutisha. Nami nikiwa kiongozi mwenye maono sikuona sababu ya kumwuliza mengine, isipokuwa jioni, tulipokuwa tumeshatia saini mkataba, ndipo akanieleza kwamba yeye anauza rangi, na kwamba hajawahi kumjua mtu yeyote anayehusika na filamu.

(Magnar hajaishusha fimbo.

Jostein, polepole: "Kwa hiyo filamu haipo."

Meya: "Haijaanza."

Jostein: "Iliwahi kuwepo?"

Meya: "Ilikuwepo kimkakati.")

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kanuni, nisimalize bila kumjibu Mwalimu wangu. Kanuni inasema rangi isiguswe mpaka filamu ikamilike. Filamu ambayo haijaanza haiwezi kukamilika. Kwa hiyo, kitaalamu, Mwalimu, ukuta wako ni wa kudumu. Lakini nakuomba usisikitike, na hapa nakushukuru kuliko nilivyomshukuru mtu mwingine yeyote leo, kwa sababu katika filamu nzima ya Mfalme Mla-Rangi, na mlima wake, na binti, na skafu, na vyote nilivyowasimulia, kitu pekee kilichopo ni ukuta wako.

(Mwalimu Torgunn anasema, si kwa hasira, bali kwa sauti ile ya darasani ambayo sote tunaijua: "Basi nimeitazama filamu yako yote, Arnfinn, kila asubuhi nikifungua mlango. Na mtazamaji ndiye anayejua imekwisha lini. Imekwisha."

Msichana wa darasa la kwanza, mwenye bendera ndogo iliyolowa, anamvuta sketi. "Mfalme hayumo mle ndani?"

"Hayumo, mpenzi wangu. Umemsikia Meya. Hakuna filamu, hakuna Mfalme. Mle ndani mna maandazi."

"Lakini ukuta ni mweusi."

"Ni mweusi mpaka kesho. Kesho Jostein anakuja na ngazi."

"Nakuja na brashi pia," anasema Jostein, "na nikitoka kwako naenda kwangu."

Magnar anageuka kuitazama bendi, anahesabu nne, na muziki unaanza. Watoto wanapanga mstari wenyewe bila kuambiwa, wawili wawili, wakubwa wakiwashika wadogo mikono. Kina mama wanaacha soseji. Mchungaji anaacha gari. Maandamano yanashuka barabarani kupita duka, yanapita pale yalipogeukia asubuhi, na Mwalimu Torgunn yuko mbele, anatembea haraka kidogo ili afike ngazini kabla yao.)

Ndugu wananchi, naona mnaelekea kwenye utekelezaji. Ni jambo jema. Sina mengi zaidi ya hayo, isipokuwa karatasi mbili za viambatisho, ambazo naweza kuzisoma kwa ufupi. Ndugu wananchi. Basi, ahsanteni sana kwa kunisikiliza.

(Uwanjani amebaki yeye na kipaza sauti. Kutoka mwisho wa barabara, mbele ya ukuta mweusi, zinasikika hurra tatu, na Meya wetu, naliandika hili kwa sababu nilirudi kuchukua mwavuli nikamwona, alikunja karatasi zake, akavua kofia, na ile ya tatu akaipiga pamoja nao.)